Ladha Tulivu ya Taifa

Ilikuwako nchi, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda huenda ingali ipo, ambayo mikoa yake haikuwa na majina bali namba. Hapo zamani mikoa hiyo ilikuwa na majina mazuri tu, lakini Serikali iligundua kwamba wananchi walikuwa wakiyapenda kupita kiasi, wengine hadi kuyatungia nyimbo, na mapenzi ya namna hiyo huchelewesha maendeleo. Basi ikawa Mkoa wa Kwanza, Mkoa wa Pili, na kuendelea, isipokuwa Mkoa wa Nne, ambao ulisahauliwa wakati wa kuhesabu. Wakazi wake mpaka leo hawatembelewi na kiongozi yeyote, na inasemekana wananawiri.

Katika Mkoa wa Tisa, kwenye kona ya barabara iendayo stendi, alikaa mwanamke aitwaye Zawena Mtipa, mtengeneza pilipili. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi, mwenye macho mekundu ya mtu anayetwanga pilipili kila siku, hivi kwamba wageni walidhani amefiwa na kumpa pole. Pilipili yake aliikaanga kwa mafuta, kitunguu saumu, siki na ndimu, akaitia kwenye chupa na kubandika kikaratasi alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: *Utaomba Maji*. Hilo halikuwa jina la kujisifu. Ilikuwa taarifa.

Mteja wake mkubwa alikuwa Hamduni, muuza chipsi wa pale pale stendi, kijana mrefu asiyejua kunong'ona.

"Dada Zawena," Hamduni alizoea kusema, "viazi vipo kila mahali. Hawa watu hawafuati chipsi kwangu. Wanafuata kulia."

Na kweli walilia. Madereva walilia, makarani walilia, mapadri na mashehe walilia meza moja, wakafuta pua, wakaagiza sahani nyingine. Zawena hakuwa tajiri lakini hakulala njaa, na mumewe Mahimbo, fundi seremala mwenye maneno machache, alikuwa akisema kwamba ameoa moto na hajutii.

Aliyotamani Zawena yalikuwa mambo mawili tu. La kwanza, mashine ya kusagia, kwa maana kinu kilikuwa kinammaliza mabega. La pili, muhuri wa ubora, kwa sababu bila muhuri huo maduka makubwa ya mjini hayakuruhusiwa kuweka chupa yake kwenye rafu. Haja hizo mbili ndizo zilizomponza.

Kwani mkoa huo ulikuwa na Kituo cha Kuatamia Wajasiriamali Wachanga. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kukijenga aliambiwa ni kituo cha kuatamia, akayachukua maneno kama yalivyo, akajenga jengo lenye umbo la yai. Kwa nje lilipendeza. Kwa ndani sakafu ilikuwa imebonyea katikati, na meza za maofisa ziliteleza taratibu tangu asubuhi, hata ikifika saa nane mchana zote zimekutana katikati ya jengo. Kwa sababu hiyo kila siku ya kazi iliishia kwenye kikao.

Kituo kilikuwa na maofisa wengi sana na idara tatu: Idara ya Joto, Idara ya Kugeuza, na Idara ya Ganda. Kilichopungua ni wajasiriamali. Walikuwapo zamani: mfuma vikapu, mtengeneza sabuni, fundi baiskeli. Wote walikuwa wameondoka bila kuaga, na fundi baiskeli alitorokea dirishani. Sheria ilisema wazi kwamba kituo kisicho na yai hata moja kitafungwa na maofisa wake watarudishwa kwenye kazi za mikono. Ndipo siku moja msafara wa magari ya Kituo ulipofika stendi na kusimama mbele ya meza ya Zawena.

Akashuka Mkurugenzi, Daktari Philemoni Kasweka, mtu mwembamba mwenye tai pana. Alimtazama Zawena kwa huruma kubwa.

"Mama," alisema, "wewe ni yai."

Zawena alimgeukia Hamduni, kisha akamrudia Daktari. "Ni nini?"

"Yai. Lina kiini, lina ute, lina matumaini. Kinachokosekana ni joto."

"Joto ninalo, baba," Zawena akasema, akaonyesha jiko lake.

"Hilo," alisema Daktari Kasweka, "ni joto lisilo rasmi."

Akamwambia kwamba Serikali imemwona. Akamwambia kwamba Kituo kitampa mashine ya kusagia, kitampa muhuri, kitamlea na kumkuza mpaka atoboe ganda mwenyewe na kutoka akipiga mbawa. Sharti lilikuwa moja: kwa muda wote wa kuatamiwa, asiuze chochote. "Yai haliendi sokoni," alisema.

"Mbona sokoni ndiko yanakouzwa mayai?" aliuliza Hamduni kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Hayo," alijibu Daktari Kasweka bila kusita, "ni mayai yaliyokata tamaa."

Zawena alifikiri usiku kucha. Mahimbo alimwambia, "Mke wangu, kuku anayeatamia hukaa juu ya yai. Angalia watakaa juu yako." Lakini mabega yalikuwa yanauma, na mashine ni mashine. Asubuhi alimwachia Hamduni chupa zilizobaki, akafunika kinu chake kwa kanga, akaenda.

*

Ofisa mlezi wake alikuwa binti mmoja aliyeitwa Edisa, mpole, aliyetoka chuoni si siku nyingi na shahada ya Malezi ya Mawazo. Edisa alimpokea kwa heshima, akamwita mama, akampa fulana, kofia na begi, vyote vimeandikwa *Mimi Ni Yai*. Zawena alipenda adabu zake. Akamwonjesha pilipili kidogo kwenye ncha ya kijiko, ili ajue analea nini.

Edisa alirudi nyuma. "Samahani, mama. Mimi sijawahi kula pilipili maishani. Nyumbani kwetu baba alikuwa katibu tarafa, tulikula vyakula vya kawaida tu."

"Sasa utailea vipi?"

"Tumefundishwa kulea bila kuonja, mama. Kuonja kunaleta upendeleo."

Wiki ya kwanza Zawena alipelekwa Idara ya Joto. Wakuu wake walizamisha kipimajoto kwenye chupa ya *Utaomba Maji* na kukuta ni baridi kama maji ya mtungi. Kisha mmoja wao, kwa bahati mbaya, akalamba kipimajoto. Alipoweza kusema tena, kikao kiliitishwa, nacho kikaamua kwamba bidhaa hii ina joto lake yenyewe, jambo lililo kinyume cha mwongozo. Katika Kituo, mwenye mamlaka ya kutoa joto ni Idara ya Joto peke yake. Bidhaa inayojitia joto ni bidhaa yenye kiburi. Pilipili ipunguzwe nusu.

"Nusu?" Zawena aliuliza.

"Kwa kuanzia," alisema mkuu wa Idara.

Idara ya Kugeuza ilikuwa na kazi ya kumgeuza mjasiriamali, kama kuku anavyogeuza yai, ili asiungue upande mmoja. Walimkalisha kwenye kiti kinachozunguka na kumuuliza wateja wake ni akina nani.

"Wapenda pilipili," alijibu.

Maofisa walitazamana kwa masikitiko. Walimweleza kwamba hilo ni soko ambalo tayari limefikiwa. Mtu anayependa pilipili atainunua tu, hana haja ya kushawishiwa, kwa hiyo hakuna ubunifu wowote katika kumuuzia. Soko jipya, pana, lisiloguswa na mtu, ni la watu wasiokula pilipili: watoto wachanga, wagonjwa wa vidonda vya tumbo, na wawekezaji kutoka nje. Utafiti ulifanyika katika hospitali ya mkoa, na wagonjwa wote wa vidonda vya tumbo walisema kwamba wangefurahi sana kula pilipili kama isingekuwa na pilipili.

Basi pilipili ikaondolewa yote. Siki ikaondolewa kwa kuwa inakera pua. Kitunguu saumu kikaondolewa kwa kuwa kinafahamika mno. Chumvi iliponea chupuchupu kwenye kikao cha kwanza, ikaondolewa kwenye kikao cha pili. Badala yake ukawekwa unga wa muhogo, maji, sukari kidogo na rangi nyekundu. Jina *Utaomba Maji* nalo likabadilishwa, maana lilionekana kuchochea madai ya huduma za jamii. Jina jipya lilichapwa kwa herufi za dhahabu: *Ladha Tulivu ya Taifa*.

Zawena hakunyamaza. Kila hatua aliuliza, na kila alipouliza alipongezwa kwa kuuliza. "Swali zuri sana, mama," walisema, wakaliandika ubaoni, wakapiga makofi, wakaendelea. Siku moja alisimama katikati ya kikao, meza zote zikiwa zimemzunguka, akasema, "Jamani, huu ni uji." Daktari Kasweka akasema kwamba hayo ndiyo maumivu ya ukuaji, na kwamba yai likianza kulalamika ujue linakaribia.

Mashine ya kusagia ililetwa. Ilikuwa kubwa, mpya, inang'aa. Lakini kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kusaga, ilifungiwa stoo.

Nyumbani hali ilianza kuwa ngumu. Hamduni alikuja kumwambia, kwa aibu, kwamba amepata pilipili ya mtu mwingine, haina maana, lakini wateja wasingeweza kukaa bila kitu. "Wanakula wamekauka macho, dada Zawena," alisema. "Inatia huzuni."

Lililomchoma Zawena zaidi lilikuja jioni moja wakati wa chakula. Mahimbo alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe.

"Zawena. Unaumwa?"

"Siumwi. Kwa nini?"

"Hujatia pilipili kwenye mchuzi."

Zawena akaonja. Ni kweli. Wala haikuwa kusahau tu kuitia. Alikuwa amekula nusu sahani bila kuona kama inakosekana. Alisukuma sahani yake pembeni, akaenda kukaa uani peke yake. Kwa muda mrefu alibonyeza ulimi wake kwa kidole, kama mtu anayepapasa jino lililong'oka.

*

Sasa ikatangazwa kwamba Mlezi wa Taifa mwenyewe, kiongozi mkuu wa nchi ile, atatembelea Kituo na kuonja matunda yake hadharani. Mkoa mzima ulipigwa rangi. Mbwa waliofungiwa walifungiwa zaidi, na waliokuwa huru walipewa semina elekezi.

Idara ya Ganda, ambayo hadi hapo haikuwa imepata nafasi, ikafanya kazi yake. Ilibuni chupa nene yenye kifuniko kinachokazwa kwa mashine, kisichoweza kufunguliwa na mteja kwa namna yoyote. Mkuu wa Idara alieleza kwamba asilimia kubwa ya bidhaa huharibika baada ya kufunguliwa, hivyo wameondoa tatizo kwenye mzizi. Kwa ajili ya Mlezi wa Taifa peke yake palitengwa fundi na spana. Chupa zilijazwa uji mwekundu, zikapangwa kwa safu juu ya meza yenye kitambaa cha mahameli, zikakaa hapo juani siku mbili zikisubiri.

Mtu yeyote aliyewahi kuacha uji wa muhogo juani bila chumvi wala siki anajua kilichofuata. Asubuhi ya sherehe, bendi ikiwa inapasha moto matarumbeta, chupa ya kwanza ilipasuka. *Pu!* Ikafuata ya pili. Kisha zikawa zinapasuka kwa mfululizo kama mahindi ya kukaanga. Walinzi walilala kifudifudi, na mmoja wao alinyanyua mikono na kutaja majina ya wenzake. Uji mchachu, mwekundu, ulitiririka kutoka kwenye mahameli hadi kwenye zulia la wageni rasmi. Moshi haukuwapo, lakini harufu ilikuwapo.

"Angalieni lakini," alisema mkuu wa Idara ya Ganda, akiokota vipande kwa fahari. "Vioo vimevunjika vyote, vifuniko havijafunguka hata kimoja."

Daktari Kasweka alikimbia hadi alikokuwa Zawena, tai ikiwa imeangukia begani. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwita kwa jina lake. Sasa alimshika mikono yote miwili.

"Dada Zawena. Mama yangu. Pika."

"Nipike nini?"

"Chochote. Chupa zipo nyingine stoo, vibandiko vipo. Mradi kiwe chekundu."

"Kwa namna yangu?"

"Kwa namna yoyote! Msafara umeshavuka daraja!"

Zawena alimwita Edisa, akamtuma mbio kwa Hamduni. Hamduni alifika akiwa amebeba kapu kichwani, pilipili kichaa mbivu, saumu, ndimu, na siki kwenye dumu, akacheka tangu getini hadi jikoni. Mashine ya kusagia ikatolewa stoo kwa mara ya kwanza, ikasaga kwa muda mfupi kile ambacho kinu kingefanya kwa nusu siku. Mafuta yakachemka. Saumu ilipoingia, maofisa waliokuwa karibu walianza kukohoa na kusogea, na Zawena akahisi mate yakimjaa kinywani mwake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Karibu aangue kilio hata kabla ya pilipili.

Ikabaki kutia pilipili yenyewe. Alisimama na bakuli mkononi. Alijua fika nani angeonja. Alijua pia kwamba mtu anaweza kutia kijiko kimoja tu, kwa ajili ya rangi, mambo yakapita kwa amani.

"Mama," Edisa alimwambia kwa sauti ndogo, "mwongozo unasema tulivu."

"Najua, mwanangu. Lakini kesho watasema ni Zawena Mtipa aliyepika."

Akamimina yote.

*

Mlezi wa Taifa alikuwa mtu mkubwa, mzito, ambaye hakuwa ameambiwa "hapana" tangu alipoota meno. Alisoma hotuba yake kwanza, kama itifaki ilivyotaka. Alisema mataifa mengine yana pilipili zinazowasha, na matokeo yake tunayaona. Alisema taifa hili, kwa hekima ya viongozi wake, limekuwa la kwanza duniani kuzalisha pilipili isiyowasha, pilipili yenye nidhamu, inayomheshimu mlaji. "Mimi mwenyewe," alisema, "nathibitisha mbele yenu kwamba pilipili hii haiwashi, na asemaye inawasha hana mapenzi mema na nchi yetu!" Makofi yalipigwa hadi ndege wakaruka.

Fundi akafungua chupa kwa spana. Mlezi wa Taifa, kwa kuwa ilikuwa tulivu, hakuchovya. Alijaza kijiko kikubwa cha supu, akakitia chote kinywani.

Kwanza masikio yake yalicheza. Kisha uso wake ukaanza kubadilika rangi kutoka shingoni kwenda juu, taratibu, kama bendera inavyopandishwa. Jasho likatoka. Halafu machozi, makubwa, yakamporomoka mashavuni na kudondokea kwenye nishani zake.

Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwa mzoefu. "Ndugu wasikilizaji," alisema kwa sauti ya chini yenye taadhima, "Mheshimiwa Mlezi ameguswa. Anatokwa na machozi ya uzalendo."

Mlezi wa Taifa alifungua kinywa. Hakuweza kuomba maji, kwa maana kuomba maji kungekuwa kukiri. Alitazama chupa, akatazama umati, kisha akawatazama mawaziri wake waliokaa safu ya mbele wakimtabasamia, na inaelekea aliona si haki kuwa peke yake. Akanyoosha kijiko.

Waziri wa kwanza akala. Mwili ulimtetemeka, akasema, "Tu… tulivu kabisa, Mheshimiwa," akarudi kwenye kiti chake akipapasa kama kipofu. Wa pili akala, akasema ni tulivu kuliko alivyotarajia. Wa tatu hakusema, aliinua kidole gumba tu na kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Mkuu wa majeshi alipiga saluti na kushindwa kuishusha. Wakapanga mstari, wakuu wa mikoa, makatibu, wakurugenzi, wakala mmoja baada ya mwingine, wakalia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekula alitangaza kwa sauti iliyokauka kwamba haiwashi hata kidogo. Daktari Kasweka alipofikiwa alikula vijiko viwili, ili asionekane ana mashaka.

Kule nyuma ya kamba, wananchi walikuwa wameuma midomo na kushikana mikono wasianguke. Hamduni, aliyekuwa amejiahidi kunyamaza, alishindwa. "Hiyo ndiyo yenyewe, dada Zawena!" alipiga kelele, na mtangazaji akaeleza kwamba hiyo ni sauti ya vijana wakiunga mkono juhudi.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Edisa. Alipewa kijiko kama wengine. Akala. Akasimama, macho yametoka, mkono kifuani, uso wa mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba asichokijua ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Jamani," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Inawasha."

Bendi iliacha kupiga. Zawena, aliyesimama pembeni na mwiko mkononi, alipiga hatua kumwendea yule binti. Wapo walioapa baadaye kwamba Mlezi wa Taifa, machozi yakiendelea kumtiririka, alimtazama Edisa si kwa hasira bali kwa wivu. Kisha watu wawili wenye miwani myeusi wakamshika Edisa mikono kwa upole na kumwondoa, na mtangazaji akasema kwamba ofisa mmoja amezidiwa na furaha na amekwenda kupumzishwa.

*

Ziara ilihesabiwa kuwa ya mafanikio makubwa. *Ladha Tulivu* ikatangazwa kuwa tunu ya taifa, na jina, kibandiko na mashine vikawa mali ya Kituo milele. Daktari Kasweka alipandishwa cheo na kuahidiwa jengo la pili, lenye umbo la kuku. Kituo kikarudia mapishi yaliyoidhinishwa, uji na rangi, ukawa unaandaliwa kwenye dhifa zote za Serikali. Lakini kwa kuwa siku ile ya kwanza Mlezi wa Taifa alilia, ikawa ni desturi kila anayeula uji ule naye alie, na maofisa wenye busara huingia kwenye dhifa na kipande cha kitunguu ndani ya leso.

Zawena alipewa cheti cha Yai Bora. Akaambiwa kwamba kuhusu kuanguliwa avute subira, mchakato uko katika hatua za awali. Alikunja cheti, akavaa kanga yake, akaenda getini.

"Unakwenda wapi, mama?" mlinzi aliuliza.

"Naanguliwa."

Mlinzi alifikiri sana. Hakuwa na maagizo yoyote ya kuzuia jambo ambalo halijawahi kutokea. Akafungua geti.

Akarudi kwenye kona yake, kwenye kinu chake na mabega yake. Hakuwa na muhuri, na jina lake la zamani aliliacha, kwa kuwa Kituo kilikuwa kimetangaza kwamba ni uchochezi. Akawa anajaza pilipili kwenye chupa tupu za soda, bila kikaratasi. Siku ya kwanza dereva mmoja wa lori aligeuza chupa huku na huku.

"Hii inaitwaje?"

"Haina jina," alijibu Zawena.

"Basi nipe mbili."

Hamduni alirudi, na wateja wake wakarudi kulia. Miezi ikapita. Mchana mmoja, jua likiwa kali, Zawena aliinua kichwa kutoka kwenye kinu akamwona binti amesimama mbele ya meza, amekonda, amevaa gauni la kawaida, mkononi ana kifurushi cha nguo. Ilimchukua muda kumtambua bila kitambulisho chake shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Edisa! Walikupeleka wapi, mwanangu?"

"Kupumzishwa. Walinilisha uji mwekundu asubuhi na jioni mpaka nikubali kwamba ulimi wangu ulinidanganya." Akahamishia kifurushi mkono wa pili. "Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, mama. Nikasaini, wakaniachia, kazi hawakunirudishia."

Zawena hakumlaumu. Alisogea kwenye benchi, akampisha, akamwekea mbele ungo wa pilipili za kutoa vikonyo. Edisa akaketi, akaanza kuchambua polepole, kisha kwa haraka, kama mtu aliyeogopa kukatazwa. Baada ya muda alisahau, akajifuta uso kwa kiganja. Papo hapo macho yakamfurika, pua ikamvuja, akainama mbele huku mabega yakimtikisika, na Zawena hakuweza kujua kama analia au anacheka.

"Vipi tena?" alimuuliza.

"Inawasha, mama."

"Ndiyo kazi yake," alisema Zawena, akamsogezea ungo wa pili.